Kibanda cha Lincoln: Magogo yaliyotukuzwa na taifa zima yabainika kuwa si yenyewe

KARIBU na mji mdogo wa Hodgenville, jimboni Kentucky nchini Marekani, kuna jumba la mawe ya matale na marumaru lililosimama juu ya kilima. Atakaye kuingia humo hana budi kupanda ngazi yenye vidato 56, kimoja kwa kila mwaka aliouishi Abraham Lincoln, rais wa 16 wa nchi hiyo. Madirisha yake ni 16. Dari lake lina nakshi 16 za maua. Hata hivyo, hazina iliyotengewa fahari yote hiyo ni kitu ambacho mpita njia angekiona shambani asikigeukie mara ya pili: kibanda cha magogo chenye chumba kimoja, mlango mmoja na meko.

Kwa miaka mingi wageni walikuwa wakiingia humo kwa unyenyekevu kana kwamba wameingia mahali patakatifu. Waliambiwa kwamba mle ndimo mlimozaliwa, tarehe 12 Februari 1809, mtoto wa mkulima maskini aliyekuja kuiongoza Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kutangaza uhuru wa watumwa. Leo hii wanaoambiwa ukweli ni wajukuu wa wageni hao. Kibanda kile si alimozaliwa Lincoln, na magogo yake hayakuwa hata yamekatwa siku alipozaliwa.

Kisa cha jinsi magogo hayo yalivyopewa heshima hiyo, jinsi yalivyovuliwa, na kwa nini yangali yanatunzwa, kinafaa kusimuliwa kwa ukamilifu. Hakuna taifa lisilo na kitu cha kale linachokienzi, na aghalabu ni wachache huthubutu kuuliza kama kitu hicho ni chenyewe.

UJENZI WA WALOWEZI

Wengi hudhani kwamba Waingereza wa kwanza kuhamia Amerika ndio walioanzisha vibanda vya magogo. Sivyo. Waliofika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 walijenga kwa mihimili na mbao, kama walivyozoea kwao. Mwanahistoria Harold Shurtleff aliifafanua dhana hiyo potovu katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1939, na wengi walishangaa kusoma kwamba picha walizoziona shuleni zilikuwa za kubuni.

Ufundi huo uliletwa na Waswidi na Wafini walioanzisha koloni katika bonde la mto Delaware kuanzia mwaka 1638. Kwao kulikuwa na misitu mikubwa, na kujenga kwa magogo mazima yaliyolazwa ulalo lilikuwa jambo la kawaida. Baadaye Wajerumani wakauendeleza ujenzi huo, kisha watu wenye asili ya Uskoti waliotoka kaskazini mwa Ireland wakaubeba kuelekea milimani na ng'ambo yake, hadi Kentucky na Tennessee.

Msomaji aliyewahi kukandika nyumba ya udongo ataielewa kazi hii bila shida. Badala ya kusimamisha nguzo na kufunga fito, mlowezi alilaza gogo juu ya gogo, pande zote nne. Mwishoni mwa kila gogo alichonga pengo kwa shoka ili gogo la upande wa pili likae humo barabara na kushikana nalo. Pembe za nyumba zilijifunga zenyewe kwa uzito wa miti, bila msumari hata mmoja. Nyufa zilizobaki kati ya magogo zilizibwa kwa vipande vya mbao na mawe, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi au manyoya ya wanyama.

Sakafu ilikuwa ardhi iliyopigwa ikashikamana. Paa liliezekwa kwa vigae vya mbao vilivyopasuliwa kwa mkono. Dohani, yaani njia ya kutolea moshi, mara nyingi ilijengwa kwa vijiti na kukandikwa udongo, jambo lililoifanya iwe hatari sana, kwani udongo ukidondoka vijiti hushika moto. Kioo kilikuwa ghali na mara nyingi dirisha lilifunikwa kwa ngozi au karatasi iliyopakwa mafuta.

Kuinua magogo hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Majirani walikusanyika, wakasaidiana siku moja au mbili, nyumba ikasimama. Hiyo ilikuwa harambee yao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba walowezi wenyewe hawakukusudia vibanda hivyo vidumu. Kilikuwa kimbilio la miaka ya kwanza, la kumkinga mtu na baridi huku akifyeka msitu na kupanda mahindi. Mambo yakimnyookea, alijenga nyumba ya mbao au ya matofali, na kibanda kikageuzwa zizi, ghala au kuni. Gogo la chini kabisa lililogusana na udongo liliingiwa na unyevu likaanza kuoza. Mchwa na bungua wakafanya kazi yao. Paa likivuja mwaka mmoja tu, kuta zikaharibika kutoka juu. Kwa sababu hiyo, katika maelfu kwa maelfu ya vibanda vilivyojengwa, ni vichache mno vilivyosalia. Wanaotaka kukihifadhi kibanda cha mlowezi wanataka kukidumisha kitu ambacho mwenyewe alikijenga akijua atakiacha.

SHAMBA LENYE MGOGORO

Thomas Lincoln, babake Abraham, alinunua shamba la Sinking Spring mnamo Desemba 1808. Lilikuwa na takriban ekari 300, na alilipa dola 200 pamoja na kukubali deni dogo lililolikalia. Jina la shamba lilitokana na chemchemi iliyobubujika ndani ya shimo la mwamba, kisha maji yake yakazama tena ardhini. Alihamia hapo na mkewe, Nancy Hanks, na binti yao mdogo, Sarah. Miezi miwili baadaye akazaliwa Abraham.

Hawakukaa muda mrefu. Yapata mwaka 1811 familia ilihama kwa sababu ya mgogoro kuhusu hatimiliki ya shamba, ikaenda Knob Creek, mwendo wa maili 10 hivi. Huko nako hati ikatiliwa shaka mahakamani. Mkenya hahitaji kufafanuliwa sana maana ya mtu kulima shamba miaka kadhaa kisha akatokea mwingine na karatasi ya zamani zaidi. Katika Kentucky ya siku hizo serikali haikuipima ardhi kabla ya kuigawa. Kila mdai alijipimia kwa kutumia miti, mawe na vijito kuwa mipaka. Madai yakapandiana kama vigae vya paa. Shamba la Sinking Spring lenyewe lilikuwa na mwaloni mkubwa uliotumiwa kama alama ya mpaka. Mti huo ulikuwapo Lincoln alipozaliwa, ukaendelea kusimama hadi ulipokufa mwaka 1976. Kwa hivyo, kwa miaka mingi kitu cha kweli zaidi katika eneo hilo kilikuwa mti wa mpaka, wala si kibanda.

Mnamo Desemba 1816 familia ilivuka mto Ohio ikaingia Indiana. Lincoln alieleza baadaye, alipokuwa akigombea urais, kwamba babake alihama kwa kiasi fulani kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa sababu ya matatizo ya hati za ardhi. Maelezo hayo yana uzito. Wilaya waliyoishi ilikuwa na watumwa zaidi ya 1,000, na barabara iliyopita mbele ya shamba la Knob Creek ilikuwa njia kuu kati ya Louisville na Nashville, ambayo wafanyabiashara wa watumwa waliitumia.

Je, kibanda alichozaliwa kilikuwa wapi hasa? Ushahidi mzito kuliko wote ni wa Lincoln mwenyewe. Mnamo Juni 1860, alipoulizwa na mchoraji aliyekuja kumchora, aliandika kwamba alizaliwa maili moja au moja na nusu kutoka palipo mji wa Hodgenville, kando ya kijito cha Nolin, lakini kwa kuwa wazazi wake wamefariki na yeye hakumbuki, hakuwa na njia ya kupatambua mahali penyewe. Mwenye kuzaliwa alisema hajui. Waliokuja baada yake wakadai wanajua.

KIBANDA CHAGEUKA KURA

Kabla ya Lincoln, kibanda cha magogo kilikuwa tayari kimeingizwa katika siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1840, gazeti moja la wapinzani lilimdhihaki William Henry Harrison kwamba angeridhika kukaa kibandani akinywa pombe ya matufaha. Wafuasi wake waliigeuza kejeli hiyo kuwa silaha. Walikokota vibanda vya magogo juu ya magari katika maandamano, wakagawa kinywaji, wakaimba. Harrison akashinda. Ukweli ni kwamba alizaliwa katika jumba la kitajiri jimboni Virginia, katika shamba lililotegemea jasho la watumwa.

Tangu hapo, mwanasiasa wa Marekani aliyeweza kutaja kibanda cha magogo katika maisha yake hakukosa kukitaja. Naye Lincoln, tofauti na Harrison, alikuwa na haki ya kukitaja. Katika kampeni za mwaka 1860 wafuasi wake walimwita mpasua magogo na kubeba mikononi vipande vya ua aliodaiwa kuujenga ujanani. James Garfield, aliyezaliwa Ohio mwaka 1831, ndiye rais wa mwisho kuzaliwa katika kibanda cha aina hiyo.

Lincoln alipouawa mwezi Aprili 1865, kila kitu alichokigusa kikawa na thamani. Kibanda alichosaidia kujenga Illinois kilivunjwa mwaka huohuo, kikapelekwa kuonyeshwa Chicago na Boston. Kibanda cha mwisho cha babake, pia cha Illinois, kilisafirishwa hadi kwenye maonyesho makuu ya Chicago mwaka 1893. Baada ya maonyesho magogo yake yakapotea yasionekane tena. Hicho kilikuwa chenyewe, na hakuna ubishi mkubwa juu ya hilo. Kilipotea mikononi mwa watu waliodai kukienzi.

MFANYABIASHARA ATIA MKONO

Mwaka 1894, mmiliki wa mikahawa kutoka New York, Alfred Dennett, alilinunua shamba la Sinking Spring kwa matumaini ya kuvutia watalii. Alipofika, hapakuwa na kibanda. Wakala wake, mhubiri James Bigham, akanunua kibanda cha kale kilichokuwa katika shamba la jirani. Ilisimuliwa kwamba magogo ya kibanda cha kina Lincoln yalikuwa yamehamishiwa huko miaka mingi nyuma. Mwaka 1895 kibanda hicho kilivunjwa na kujengwa upya karibu na chemchemi.

Watalii hawakuja kwa wingi uliotarajiwa; Hodgenville ilikuwa mbali. Basi, kwa kuwa watu hawakukifuata kibanda, kibanda kikawafuata watu. Mwaka 1897 kilipelekwa kwenye maonyesho ya Nashville. Humo kiliwekwa pamoja na kibanda kingine kilichodaiwa kuwa alimozaliwa Jefferson Davis, aliyekuwa kiongozi wa majimbo yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Wapinzani hao wawili walizaliwa Kentucky, wakipishana kwa miezi minane tu. Mwaka 1901 vibanda vikaonyeshwa Buffalo, jimboni New York.

Katika kuvunjwa, kupakiwa, kushushwa na kujengwa tena mara kwa mara, magogo ya Lincoln na ya Davis yalichanganyika. Hatimaye lundo zima lilihifadhiwa katika chumba cha chini cha jumba moja huko Long Island, na hapo lilikaa miaka kadhaa. Mtu aliyelikuta hangeweza kusema lipi ni la nani.

Mwaka 1905 shamba lilipigwa mnada kwa ajili ya deni. Mnunuzi alikuwa Robert Collier, mchapishaji wa jarida la Collier's Weekly. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunda chama kilichoitwa Lincoln Farm Association, ambacho miongoni mwa viongozi wake walikuwamo mwandishi Mark Twain, mwanasiasa William Jennings Bryan na kiongozi wa wafanyakazi Samuel Gompers. Chama hicho kiliyanunua magogo kwa dola 1,000. Yalipakiwa kwenye treni iliyopambwa bendera, yakalindwa na wanajeshi, na katika miji ambamo treni ilisimama watu walimiminika kuyatazama na kuyagusa.

Zaidi ya raia 100,000 walichanga pesa. Michango ilipokelewa kuanzia senti 25, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya dola 25, ili matajiri wasije wakalifanya jumba kuwa lao. Zilipatikana zaidi ya dola 350,000. Nia ya watu hao ilikuwa njema na haifai kubezwa. Kasoro ni kwamba katika pilkapilka zote hizo, waliopaswa kuuliza magogo yametoka wapi waliridhika na viapo vya wazee wachache wa kijijini, vilivyotolewa miaka mingi baada ya tukio lenyewe.

KUPUNGUZWA ILI KITOSHE

Jumba lilisanifiwa na John Russell Pope, ambaye baadaye alisanifu pia jumba la kumbukumbu ya Thomas Jefferson mjini Washington. Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi tarehe 12 Februari 1909, siku ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Lincoln. Rais William Howard Taft alilizindua mwezi Novemba 1911. Mwaka 1916 serikali ya kitaifa ililipokea, na Rais Woodrow Wilson akahutubu katika sherehe hiyo. Marais watatu, katika muda wa miaka saba, walisimama mbele ya kibanda kile, na hakuna aliyetia shaka hadharani.

Kulikuwa na tatizo la nafasi. Kibanda kilichonunuliwa kilikuwa na upana wa futi 16 na urefu wa futi 18. Ndani ya jumba la Pope, ukubwa huo ungewabana wageni wasiweze kukizunguka vyema. Uamuzi uliotolewa ni wa kushangaza: magogo yalikatwa, kibanda kikawa futi 12 kwa 17. Kwa lugha nyepesi, jeneza lilipoonekana dogo, maiti ndiye aliyepunguzwa.

Mhifadhi wa leo angeshtuka. Kanuni inayofuatwa sasa ni kuigusa mali ya kale kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, kubadilisha gogo pale tu ambapo limeoza kabisa, kuchagua mti wa aina ileile na kuuchonga kwa zana zinazofanana na za awali, kisha kuandika wazi lipi ni jipya na lipi ni la kale. Mwaka 1909 mambo hayo hayakuwa na uzito mbele ya mahitaji ya sherehe.

Walakini, jumba lenyewe limefanya kazi nzuri ya kuhifadhi. Magogo yaliyo humo hayanyeshewi, hayagusi udongo na hayaungui jua. Kibanda kilichojengwa nje kwa magogo kama hayo kingekuwa kimebadilishwa miti yake mara kadhaa.

PETE ZA MTI ZATOA USHAHIDI

Shaka haikuanza jana. Robert Todd Lincoln, mwana wa rais, hakukiamini kibanda hicho na alisema hivyo katika barua zake. Lakini sauti yake ilimezwa na shangwe.

Aliyeifungua kesi kwa makini alikuwa mchunguzi wa masuala ya bima, Roy Hays. Mwaka 1948 alichapisha makala ndefu katika jarida la masuala ya Lincoln akihoji uhalisi wa kibanda. Alifuatilia hati za mashamba, viapo na ushahidi wa wazee kama mtu anayechunguza dai la fidia, akaonyesha kwamba mnyororo wa ushahidi ulikatika mahali pengi. Idara ya Mbuga za Taifa, iliyokuwa imekabidhiwa eneo hilo mwaka 1933 kutoka Wizara ya Vita, ilibadilisha lugha yake polepole. Ikaanza kusema ni kibanda ambacho kwa mapokeo huaminika kuwa cha Lincoln. Ni kauli ya tahadhari, inayomwachia msikilizaji atakaloamini.

Jibu la mwisho lilitolewa na miti yenyewe. Mti wa nchi yenye majira ya baridi huongeza pete moja kila mwaka. Mwaka wa mvua tele pete huwa pana; mwaka wa ukame huwa nyembamba. Mpangilio wa pete pana na nyembamba kwa miaka 50 au 100 haujirudii, na miti ya eneo moja huwa na mpangilio unaolingana. Wataalamu hutoboa gogo kwa keekee yenye uwazi ndani, wakachomoa kipande chembamba mithili ya penseli, wakakilinganisha na kalenda iliyotengenezwa kutokana na miti mizee ya eneo hilo. Pete ya mwisho chini ya gome huonyesha mwaka mti ulipokatwa.

Mnamo 2004 magogo ya kibanda yalipimwa kwa njia hiyo. La kale zaidi lilionekana kuwa la mwaka 1848. Mwaka huo Lincoln alikuwa na umri wa miaka 39, akiwa mbunge mjini Washington.

Ripoti hiyo ilimaliza mjadala. Idara husika haikukivunja kibanda wala kukificha. Ilikiita kibanda cha ishara, na hivyo ndivyo wageni wanavyoelezwa hadi leo. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ni wa busara, ijapokuwa ulichelewa mno. Kibanda hicho sasa ni kumbukumbu halisi ya kitu kingine: namna Wamarekani wa mwaka 1909 walivyotaka kumkumbuka Lincoln.

Jambo moja halikubadilika. Mwaka 2009, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, serikali ilitoa sarafu za senti moja zenye picha ya kibanda cha magogo, na uzinduzi wake ukafanyika Hodgenville. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 20 Januari, Barack Obama, ambaye babake alitoka Siaya, alikuwa ameapishwa akiwa ameweka mkono juu ya Biblia ileile aliyoapia Lincoln mwaka 1861. Biblia hiyo, tofauti na kibanda, haina shaka yoyote.

NJIA NYINGINE ZA KUKUMBUKA

Si kila mahali walifuata njia ya Hodgenville. Huko Indiana, ambako Lincoln aliishi kuanzia umri wa miaka saba hadi 21 na ambako mamake alizikwa mwaka 1818, hakukujengwa kibanda cha kuigiza mahali penyewe. Katika miaka ya 1930 palipoaminika kuwa nyumba yao paliwekwa umbo la shaba la magogo ya msingi na la mawe ya meko. Hakuna kuta, hakuna paa. Mtazamaji huona ukubwa wa chumba na kujazia mengine mwenyewe. Mimi naona hiyo ndiyo njia ya uaminifu kuliko zote, kwa kuwa haimdai mtu aamini lolote lisilokuwapo.

Kule Knob Creek, kibanda kinachoonekana leo kilijengwa miaka ya 1930 kwa magogo yaliyotoka katika nyumba ya familia ya Austin Gollaher, rafiki wa utotoni anayesemekana kumwokoa Lincoln asife maji. Shamba hilo liliingia mikononi mwa Idara ya Mbuga za Taifa mwaka 2001. Pale wageni huambiwa tangu mwanzo kwamba kibanda si cha familia ya Lincoln.

Kuna upande mwingine wa historia hii ambao kwa muda mrefu haukutajwa kabisa. Kibanda cha magogo kilikuwa pia nyumba ya mtumwa. Booker T. Washington, mwelimishaji mashuhuri Mwafrika-Mmarekani, alizaliwa mtumwani mwaka 1856 katika kibanda cha aina hiyo jimboni Virginia. Kilikuwa jiko la shamba, sakafu yake ardhi tupu. Eneo hilo lilifanywa kumbukumbu ya taifa mwaka 1956, na kibanda kilichopo ni cha kuigiza. Lincoln alitoka kibandani akapanda hadi ikulu, na Wamarekani wakamchangia dola 350,000 za marumaru. Kuhusu watumwa waliozaliwa, wakaishi na kufia katika vibanda vya magogo visivyo tofauti na hicho, hakuna aliyebeba magogo yao kwa treni. Vingi vilibomolewa au vikaachwa vioze, na wanaakiolojia leo hutafuta alama zake ardhini kwa kupekua shanga, vifungo vya nguo na majivu ya meko.

Shamba la Sinking Spring lilipandishwa hadhi mwaka 2009 likawa mbuga ya historia ya taifa. Mgeni akishaliacha jumba la marumaru na kushuka vile vidato 56, upande wa chini atakuta ngazi nyingine ya mawe inayoingia katika shimo lenye kivuli, ukungu na majani ya kangaga. Ndani yake, chini ya mwamba, kuna maji. Hiyo ndiyo chemchemi iliyomfanya Thomas Lincoln achague kununua pale, na ndiyo iliyolipa shamba jina. Haikuhamishwa, haikupimwa upya wala haikupelekwa maonyeshoni, na maji yake yangali yakitiririka.